Baba yangu ni "late", bosi akanijibu: usijali, atatokea tu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 38, mzaliwa wa Pangani, sasa naishi Leeds, Uingereza, huu mwaka wa tatu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi naipenda na wazee nawapenda. Wapo wanaoniita jina ambalo si langu, naitika. Tatizo langu ni neno moja la Kiingereza, na tafadhali usinicheke, maana neno hilo limeniliza.

Mwezi wa kwanza, saa kumi na moja alfajiri, iliingia simu ya dada. Ukiona simu ya nyumbani saa hizo hupokei upesi, unakaa kwanza kitako kitandani. Baba amefariki. Wanamzika leo hii hii baada ya swala ya alasiri. Nikamwandikia msimamizi wangu kwa Kiingereza nilichofundishwa shuleni: "Good morning. My father is late. I don't know if I can come today." Hazikupita dakika mbili akajibu: "No worries! Hope he turns up soon. See you at 2 x". Yaani usijali, natumaini atatokea muda si mrefu, tuonane saa nane. Na kile ki-eksi chao cha busu mwishoni.

Mwalimu, ujumbe ule niliusoma mara sita. Nikasema, huyu mama ana moyo wa jiwe gani? Baba yangu atatokea wapi? Lakini mimi niko ugenini, kibali changu kimefungwa kwenye kazi hii hii, nikaogopa kubishana. Saa saba na robo mchana nilikuwa kwenye basi, nimekaa dirishani, na kwa hesabu zangu ndio wanamteremsha kaburini. Nikaenda. Nikavaa aproni, nikalisha watu supu.

Saa mbili usiku mwenzangu mmoja, Mfilipino, alinikuta chumba cha kufulia nimejifunika uso kwa shuka lililotoka kwenye mashine, bado lina joto. Nikamweleza. Akauliza, "Late? You mean he died?" Akashika kichwa. Msimamizi alipopata habari alikuja mbio, uso mwekundu, akanikumbatia, akalia kuliko mimi mfiwa. Kumbe yeye alielewa kwamba baba ndiye anayenishikia mtoto, na siku ile kachelewa kufika. Alinipa ruhusa usiku ule ule, siku ya tatu nikasafiri.

Niliporudi nikajaza fomu ya likizo ya msiba. Nikaandika "My late father has died", nikidhani safari hii neno nimeliweka mahali pake. Binti yangu wa miaka kumi akachungulia akasema, "Mama, kwa hiyo babu amekufa mara mbili?"

Halafu wiki iliyopita likanirudia tena. Kuna bibi mmoja nilichelewa kumpa vidonge vya asubuhi, dakika arobaini hivi, kwa sababu mzee wa chumba cha pili alianguka. Nikaandika kitabuni kwa uaminifu wangu wote: "I gave her tablets too late. She is sleeping now." Nesi aliyeingia zamu akasoma, akakimbia. Mwalimu, alikimbia, nilimwona kwa macho yangu. Bibi mwenyewe amelala anakoroma.

Sasa naogopa kuandika. Msimamizi ananikwepa, nadhani aibu haijamtoka, na mimi haijanitoka. Arobaini ya baba inakaribia, nataka tusome hitma hapa kwangu niwaalike na watu wa kazini. Mwaliko nimeuandika mara nne nikauchana. Kaka yangu yuko Tanga, ananiambia niandike Kiswahili, wao watajijua. Nisaidie. Nilikosea? Mbona kwetu kila mtu husema hivyo? Na hili neno lina sura ngapi, "late", "later", "latter", "latest", "last", "lately"?

Mfiwa, Leeds

*

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba, na pole ya pili kwa zamu ile. Mola amrehemu mzee wetu.

Umeuliza kama ulikosea. Huenda ni mimi niliyekukosesha. Si wewe kwa jina, lakini nimefundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini na moja, na ubaoni niliandika kwa mkono wangu, "His father is late", chini yake nikaandika "Baba yake ni marehemu". Wanafunzi wakanakili. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniambia futa. Simama Kampala, Nairobi, Arusha, au shuka mpaka Gaborone, useme "my father is late": watu watakupa pole kabla hujafunga mdomo. Hicho ni Kiingereza chetu, kina umri wake, na mimi sikiiti kibovu. Ila ni kama noti ya shilingi elfu kumi. Ni halali kabisa, lakini hebu jaribu kununulia mkate hapo Leeds.

Kwa Waingereza, "late" yenye maana ya marehemu ina kiti kimoja tu: mbele ya nomino, na kabla yake kuwe na "the", "my", "her" na wenzake. "My late father." "The late President." Ukiihamisha ukaiweka nyuma ya "is" au "was", maana inageuka palepale, inakuwa kuchelewa. "My late father" ni marehemu baba yangu. "My father is late" ni baba yangu kachelewa, labda foleni. Herufi ni zile zile, mtu ni yule yule, mmoja yuko kaburini na mwingine yuko kituo cha basi. Msimamizi wako hakuwa na moyo wa jiwe. Alisoma alichoandikiwa.

Nimejiuliza kwa nini sisi tuling'ang'ania "is late" mpaka ikawa yetu. Fikra yangu ni hii. Kwetu mtu hafi. Kuku hufa, betri hufa. Mtu hufariki dunia, hututoka, hutangulia mbele ya haki. Mtoto akisema "babu amekufa" anakatazwa na shangazi zake wote kwa pamoja. Basi tulipokutana na Kiingereza tukaiogopa "died", tukaiona ina ukali ule ule wa "amekufa", tukatafuta neno laini la kukaa pale tunapoweka "marehemu". Tukalikuta "late". Tatizo ni kwamba "marehemu" kwetu hukaa popote: "marehemu baba" sawa, "baba ni marehemu" sawa. Tukadhani na lao litatii hivyo hivyo.

Kumbe "died" kwa Mwingereza haina ukali huo. "My father died this morning" ni sentensi ya heshima kabisa, anaweza kuiandika mchungaji. Ukitaka laini zaidi ipo "passed away", haina ubaya, ingawa ukiiweka kila mahali kama ulivyoanza kuwaza inachosha. Kwa ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri mimi ningechagua "died". Neno lisilo na mlango wa pili.

Na binti yako ana masikio mazuri, mtunze. "My late father has died" ni sawa na kusema "marehemu baba yangu amefariki". Ukishamwita "late", kifo kimeshatajwa. Baada yake sema mambo mengine: "My late father was a fisherman", "my late father taught me to read". Kwenye fomu ungeandika tu "My father died", na tarehe.

Nikuibie siri ya asili yake, maana ndiyo iliyonisaidia mimi mwenyewe kuacha kulichukia. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilimaanisha mzito, mwenda polepole. Mwenda polepole hufika nyuma ya wenzake, ndipo ikapatikana maana ya kuchelewa. Anayefika nyuma ndiye wa karibuni zaidi, ndipo ikapatikana maana ya "hivi karibuni", unayoiona mpaka leo kwenye "lately" na "of late", yaani siku hizi. Na kutoka "aliyekuwako hivi karibuni" wakafika kwenye marehemu, tangu karne ya 15. Angalia neno letu "aliyekuwa". "Aliyekuwa mkuu wa shule" anaweza kuwa amehamishwa au amezikwa, mpaka uulize. Zamani "late" ya Kiingereza ilikuwa hivyo hivyo, mtu aliyeacha cheo naye aliitwa "late" akiwa mzima na anakunywa chai yake.

Ndiyo maana pia hawamwiti "the late" mtu aliyekufa zamani sana. Hutasikia "the late Shakespeare", mtu aliyekufa 1616. Neno bado limebeba harufu ya "juzijuzi", hutumika kwa wale ambao wapo watu waliowajua, au ambao msomaji anaweza kudhani bado wapo. Sisi tuna uhuru zaidi. Tunaye "Hayati Mwalimu Nyerere", aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na hata ipite miaka mia atabaki hayati.

Sasa hizo sura zake. Hapa usinitake jedwali, majedwali ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Zile za kale ni "latter" na "last". Hizo ndizo zilizokuwa "zaidi" na "kupita zote" za neno lile la kale, kisha zikahama nyumba zikawa na maisha yake. Baadaye wakaunda upya, kwa kanuni ya kawaida, "later" na "latest". Kwa hiyo neno moja lina watoto wa ndoa mbili. "Later" itamke "leita", ni baadaye, ya saa na siku. "Latter" itamke "lata" kwa kukata, ni yule wa pili kati ya wawili uliowataja. Ukisema umeandikiwa na dada na kaka, "the latter" ni kaka. Wakiwa watatu usiitumie, sema "the last".

"Last" na "latest" ndizo zitakazokusumbua, na kwa Kiswahili zote unaweza kuziita "ya mwisho". "Her latest letter" ni barua yake ya karibuni, nyingine inaweza kuja kesho. "Her last letter" inaweza kuwa ile iliyotangulia, lakini inaweza pia kufunga hesabu. Nadhani kwenye simu yako una ujumbe wa sauti wa baba. Mpaka usiku wa kuamkia siku ile ulikuwa "latest". Sikuhitaji kukueleza zaidi, samahani, lakini najua hutazichanganya tena hizo mbili.

"Lately" si "kwa kuchelewa". "I came lately" usiseme, sema "I came late", bila mkia. "Lately" ni siku hizi, na hupenda kufuatana na "have": "I haven't slept well lately". Hiyo naona itakufaa mwezi huu. Na "at the latest" haina habari ya jambo jipya, ni mwisho wa muda. Meneja akiandika "by Friday at the latest", Ijumaa ndiyo ukuta, Jumamosi usimpelekee.

Tuje kwenye vidonge, maana hapo pana hatari ya kweli, na hapo sikutetei. Kiswahili kina "sana" moja. Nimechelewa sana, nakupenda sana, chai moto sana. Kiingereza kimeigawa: "very" ni sana, "too" ni kupita kiasi mpaka haifai tena. "Very late" ni nimechelewa sana, lakini nimefika. "Too late" ni nimefika meli imeshang'oa nanga. Ni ile ya wahenga, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwana akishakuwa si wako, hiyo ndiyo "too late". Sasa soma tena kitabu chako kwa macho ya yule nesi: nilimpa dawa wakati haifai tena, sasa amelala. Mimi pia ningekimbia, na magoti yangu haya.

Kwenye kitabu cha zamu achana na vivumishi kabisa. Andika saa: "8 a.m. tablets given at 8.40, forty minutes late, because another resident had a fall." Basi. Saa haina maana mbili, alimradi uwe umeshaondoka kwenye saa zetu za Kiswahili, ukiandika 2.40 badala ya 8.40 nitasikia umefukuzwa. Na angalia mpangilio: sisi tunasema "nimechelewa dakika arobaini", dakika nyuma, wao huzitanguliza, "forty minutes late".

Kuna kosa jingine sikuliona kwenye barua yako, lakini nalisikia kila siku, "I have late" na "I will late". Chanzo chake ni sisi walimu tena. Tulikaririsha kwamba "-me-" ni "have", basi "nimechelewa" ikawa "I have late". Kwetu kuchelewa ni kitenzi, kina miguu yake. Kwao ni kivumishi, hakitembei mpaka kibebwe na "be": I am late, I was late, I will be late. Ni kama nimechoka, nimeshiba, nina hakika hizo unazisema vizuri, "I am tired", "I am full". Weka "late" kwenye mkeka huo huo. Na ukiwa bado njiani, basi limekwama, sema "I'm running late". Haimaanishi unakimbia, hata ukiwa umekaa ni sawa. Lakini mwanamke akimnong'oneza mwenzake "I'm late" bila kusema anachelewa wapi, Mwingereza humtazama tumbo. Hilo nalo ulijue.

Nikuongeze moja la kufurahisha. Ukija kupata pasipoti yao siku moja, fungua ukurasa wa mbele utakuta wanaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance". Hiyo "let" si ya kuruhusu. Ni ndugu wa zamani wa "late", maana yake kuchelewesha, kuzuia. Neno lililokuzuia wewe limeandikwa hapo kwa kukatazwa.

Kuhusu msimamizi, usisubiri akufuate. Mkabidhi mwaliko mkononi, usimtumie kwa simu, mmeshaumizana vya kutosha kwa simu. Mwambie maneno manne: "You couldn't have known." Usingeweza kujua. Akianza kuomba msamaha tena mwache amalize, wenzetu wasipomaliza kuomba radhi hawalali. Usimweleze sarufi.

Kaka yako wa Tanga mwambie nimesikia. Mwaliko andika hivi, mfupi:

"The forty-day prayers for my late father will be held at my home on Saturday at 2 p.m. We will read, pray and eat together. He always liked a full house. Please come."

Yaani hitma ya arobaini ya marehemu baba yangu, nyumbani kwangu, Jumamosi saa nane, tutasoma, tutaomba dua, tutakula pamoja, alipenda nyumba iliyojaa watu, karibuni. Kama mzee hakuwa mtu wa wageni, ondoa sentensi hiyo uweke yake ya kweli. "My late father", unaiona imekaa kwenye kiti chake?

Chini yake nakujua utataka kuongeza "Don't be late". Usiongeze. Wao saa nane kwao ni saa nane, watafika hata kabla pilau haijakauka. Wa kuwahimiza ni ndugu zetu wa hapo Leeds. Hao waambie saa sita.